Upande wa Meissa kwenye Sinia

Codou Sarr hakuwa mtu wa kuridhika na jibu nusu. Tangu utotoni kule Mekhe, kuku akichinjwa nyumbani, wenzake walikimbilia paja na firigisi, yeye alikimbilia moyo. Si kuula. Alitaka kuupasua tu aone ndani mna nini, vile vijitundu vinaelekea wapi, na kwa nini upande mmoja una nyama nene kuliko mwingine. Mama yake alimchapa kwa kuharibu mboga, naye akaupasua tena wa kuku wa siku iliyofuata.

Alipoolewa na Meissa Diop, fundi cherehani wa mtaa wa Randoulene mjini Thies, Senegal, alikuja na tabia hiyohiyo. Muuza samaki akimwambia mzigo umeingia asubuhi kutoka Kayar, Codou atainua shavu la samaki, atanusa, atauliza mbona jicho limezama kama la mtu aliyekesha. Wauzaji walikuwa wakimwona kwa mbali na kuambiana, "Jipangeni, hakimu huyo." Hata hivyo walimpenda, kwa sababu akishanunua hakuchelewa kulipa, na kwa sababu kila mtu Randoulene alijua samaki yule anakwenda kuwa nini.

Anakwenda kuwa wali wa samaki. Sijui kama kuna mtaa Thies ambao haupiki wali wa samaki mchana, lakini wa Codou ulikuwa na jina. Samaki alichomwa visu ubavuni akajazwa kitunguu saumu, kotimiri na pilipili zilizotwangwa pamoja. Mchuzi ulikuwa mwekundu wa nyanya, umetiwa kipande cha gejj, yule samaki aliyevundikwa chumvini na kukaushwa juani mpaka akanuka mtaa mzima, na juu yake vile vipande vya kiungo vya dukani vinavyofungwa kwenye karatasi inayong'aa. Mafuta hayakupimwa. Wali ukiiva, chini ya sufuria kulibaki ukoko mwekundu uliojaa mafuta na chumvi, na ukoko huo ulikuwa wa Meissa. Hakuna aliyewahi kutunga sheria hiyo. Ilikuwa hivyo tu tangu harusi.

Kisha Meissa akaanza kusimama njiani. Akitoka msikitini, kabla hajafika kwake, atasimama ashike ukuta, ajifanye anasalimiana na mtu. Codou alimwona na kuuliza. Meissa alisema ni vumbi la harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani. Harmatani ikapita, vumbi likatulia, na Meissa akaendelea kusimama. Mwishowe akakubali kwenda zahanati, akarudi anacheka peke yake.

"Kasemaje nesi?" Codou aliuliza.

"Nesi mwenyewe ni Ndiaye. Kasema akina Diop tunakula wali kama ng'ombe waliokata kamba. Eti nipunguze chumvi, nipunguze mafuta, ukoko niache kabisa, moyo wangu unabeba mzigo. Nikamwambia mtumwa akikosa makombo lazima amwonee bwana wake wivu."

Codou alicheka. Ngone, binti yao mkubwa aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni, alicheka mpaka akashika mbavu. Wifi yake Codou, Astou Diop, dada mkubwa wa Meissa aliyerudi kuishi nao baada ya kufiwa na mume, alisema Ndiaye yule apelekewe sinia zima la wali afunge mdomo. Na nani angefikiri vingine? Akina Diop na akina Ndiaye ni watani. Kazi ya mtani ni kukwambia kwamba unakula mno. Hukutana njiani watu wasiojuana, mmoja akitaja tu jina la ukoo, mwenziwe tayari ameshamwita mlafi. Ndiaye gani amewahi kumwambia Diop kwamba hali sana?

Vidonge alivyopewa Meissa akavimeza, maana vidonge havina ukoo. Maneno akayaacha kulekule zahanati.

Siku moja mchana alikuwa dukani kwake akikata kanzu ya sikukuu. Mkasi ukamwanguka. Akainama kuuokota, dunia ikazunguka, akakaa chini katikati ya vipande vya kitambaa, na jasho likamtoka kama maji ya bomba. Majirani walimleta nyumbani kwa gari la farasi. Hakutaka kulala. Alikaa ukutani, mkono kifuani, akisema sasa ni kidogo tu, sasa ni kidogo tu.

Kesho yake Codou alimpeleka mwenyewe zahanati, akaingia naye ndani. Nesi Seynabou Ndiaye alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimfunga Meissa kitambaa cha kupimia presha, akaminya, akasikiliza, akafungua, akapima mkono wa pili.

"Diop, nilikwambia nini?"

"Uliniambia nala kama ng'ombe."

"Nilikwambia presha iko juu na moyo umeanza kutanuka. Ng'ombe nilimwongeza tu."

"Mbona ulimwambia huku unacheka?" Codou aliuliza. "Tulidhani ni utani."

Nesi aliivua miwani. "Mama, yeye ndiye aliyeanza. Kaingia hapa, kabla hata ya salamu kaniita mtumwa. Diop anitanie nikae kimya, mimi nitakuwa Ndiaye wa wapi? Basi leo utani nauweka mlangoni, nitauchukua nikitoka. Huyu mzee, asipopunguza chumvi na mafuta, akaongeza mboga na matunda, akatembea kila siku na kumeza vidonge vyake, moyo utachoka. Moyo ukichoka hauna fundi."

Mtu mwingine angeitikia na kuondoka. Codou alivuta kiti.

"Chumvi inafikaje moyoni? Nimepasua mioyo mingi ya kuku, sijakuta chumvi ndani."

Meissa alifumba macho kwa aibu. Lakini nesi alicheka, akamweleza kwamba chumvi haikai moyoni, inakaa kwenye damu, na inapokaa inashika maji. Maji yakizidi, damu inakuwa nyingi ndani ya mishipa ileile, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu mchana na usiku kama mtu anayesukuma gari kwenye mchanga.

Codou alirudi nyumbani na neno hilo: inashika maji. Lilimkaa kichwani. Akachukua bilinganya, akaikata vipande vyembamba, akavipanga kwenye sahani, nusu akavinyunyizia chumvi, nusu akaviacha. Akakaa kwenye kigoda kuvitazama.

"Mke wetu anaangalia bilinganya," Astou alisema akipita. "Kaka yangu mgonjwa, yeye anaangalia bilinganya."

"Njoo uone, wifi."

Vile vyenye chumvi vilikuwa vimeanza kutoa jasho. Kwanza vitone vidogo, kisha vijito, kisha sahani upande ule ikawa na maji kabisa. Vile vingine vilikuwa vikavu kama vilivyokatwa. Codou aligusa maji kwa kidole, akaonja. Ni kitu alichokiona maisha yake yote jikoni, na hakuwahi kujiuliza maji yale yameitwa na nani.

Jioni alimwambia mumewe kwamba ataanza kumpikia chake mbali, kwenye sahani yake.

Meissa hakupandisha sauti. "Mama Ngone, hapa mtaani nani anakula peke yake? Mtu aliyegombana na nyumba nzima, au mtu anayesubiriwa afe. Mimi sijagombana na mtu. Siku utakayonitengea sahani, mwite na wa kunisomea Yasini kabisa."

"Sasa unataka ufe ukiwa umeshiba?"

"Nataka nile na watu wangu."

Hapo ndipo Codou alipokwama. Akimtenga, anamuua kwa upweke. Asipomtenga, sinia litamuua. Alizunguka na jambo hilo siku kadhaa, mpaka akapata njia ambayo yeye mwenyewe aliiona ya werevu. Wali wa Meissa aliupika kwenye kisufuria chake, mweupe, kwa maji matupu. Samaki wake aliokwa kwa ndimu bila chumvi. Kisha wali huo akauweka kwenye sinia lilelile la wote, upande wa Meissa, na kati ya wali mweupe na mwekundu akajenga ukuta wa majani ya kabichi yaliyochemshwa. Sinia moja, mkeka mmoja, watu walewale. Meissa alitazama ukuta ule kwa muda, akasema bismillahi, akala.

Mwezi ukapita hivyo. Walipokwenda kupima, nesi aliminya, akasikiliza, akaguna. Presha ilikuwa karibu palepale.

"Anapata chumvi mahali," alisema.

"Sili kitu nje," Meissa alisema. "Naapa."

Codou alimwamini kwa upande mmoja wa moyo. Kwa upande wa pili alianza upelelezi. Alimuuliza muuza mikate wa kona kama Meissa hununua mkate wa mayonezi asubuhi. Hapana, hununua mkate mtupu. Alimuuliza mchoma nyama. Hapana, hajamwona tangu sikukuu. Akaenda mpaka mbele ya duka la mumewe, akasimama kwenye kibanda cha muuza nyuzi, kitenge kimemfunika mpaka puani, akamtazama Meissa akila chungwa, kisha akishona, kisha akila chungwa jingine.

"Mama Ngone," Meissa aliita bila kuinua kichwa kutoka kwenye cherehani, "unamvizia nani hapo?"

"Nasubiri uzi mweusi."

"Mwenye uzi amesafiri tangu juzi."

Codou alirudi nyumbani njia nzima akijiuliza. Ikiwa nje hali, basi anakula ndani. Na ndani anakula wapi, kama si kwenye sinia? Na kwenye sinia yeye Codou yupo kila siku, mkono wake ndio unaomvunja samaki na kugawia kila mtu mbele yake, sasa vipi asione?

Ndipo akaligundua jambo ambalo lilimsimamisha katikati ya barabara mpaka mwendesha baiskeli akamkwepa. Kwenye sinia hatazami mtu. Alifundishwa hivyo Mekhe, na wanawe akawafundisha hivyo Randoulene: macho mbele yako, kula upande wako, upande wa mwenzio usiujue. Mtoto akitupia macho upande wa pili anapigwa kijiko. Miaka yote hiyo amekula na Meissa sinia moja, na hajawahi kumwona anakula nini.

Alhamisi Codou alifunga. Kufunga Alhamisi si ajabu, wengi hufunga kwa thawabu, na Astou alimwambia Mungu akupokelee, mke wetu. Thawabu alizitaka kweli. Lakini alitaka pia kukaa kando ya mkeka, mikono mapajani, na macho yake yakiwa huru. Alipika kama kawaida, akajenga ukuta wake wa kabichi, akatenga sinia, akamwachia Ngone kazi ya kuvunja samaki.

Walianza kula. Ngone alivunja samaki, akagawa, na mkono wake, bila hata yeye kuutazama, ukavuka kabichi na kuacha kipande chenye viungo vya kutwangwa mbele ya baba yake. Kipande kinono, cha tumboni. Punde mkono wa Astou nao ukaja, vidole vitatu vimebeba ukoko, ukateremsha mzigo, ukarudi. Kisha Daba, mtoto wa Ngone aliyekuwa bado hajaanza shule, akasukuma kwa kijiko donge la wali mwekundu mpaka likamwagika upande wa babu yake. Kisha Ngone tena, na karoti iliyoiva kwenye mchuzi wa gejj. Kila mmoja macho yake yalikuwa mbele yake. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Na Meissa alikula. Kinachowekwa mbele yako na mkono wa mtu anayekupenda hukirudishi. Angekirudisha vipi, na kwa uso gani?

Codou alitaka kucheka, kisha akaukumbuka mkono wake mwenyewe. Kila siku, akishamaliza kugawa, kile kipande cha mwisho kinachobaki vidoleni hukitupa wapi? Kwa Meissa. Hukitupa tangu harusi. Aliujenga ukuta kwa mkono mmoja na kuubomoa kwa mwingine.

Alingoja waoshe mikono.

"Nimewaona," alisema.

"Umeona nini?" Ngone aliuliza.

"Samaki, ukoko, wali, karoti. Wote mmemtilia. Na mimi ndiye mkubwa wenu."

Daba alijificha nyuma ya mama yake. Astou alijikaza shingo.

"Nilimtilia kidogo," alisema. "Kaka yangu anakula wali mweupe kama maiti aliyevikwa sanda. Nimtazame tu?"

"Hukutakiwa kutazama, wifi. Unaona ukweli wenyewe? Kila mtu kidogo. Kidogo chako, kidogo changu, kidogo cha Ngone. Kwake yeye ni sinia zima."

"Basi mtengee sahani tukomeshe maneno."

Meissa alikuwa akifunga saa yake mkononi. Vidole vikasita kwenye kamba. Codou alimwona akishuka mabega, kama kanzu iliyotolewa kwenye msumari.

"Sahani hatengewi mtu," Codou alisema. "Mikono yenu siwezi kuifunga. Wangu wenyewe umenishinda. Kwa hiyo nitabadilisha sinia lote. Wali mmoja, wa wote. Kila mtu amtilie anachotaka."

"Yaani sisi wazima tule chakula cha wagonjwa?"

"Wifi, lini ulipima presha wewe?"

Astou alisema ana kazi ya kuanua nguo.

Wali wa kwanza ulikuwa mbaya, na Codou ndiye aliyekuwa wa kwanza kukiri. Aliondoa gejj, akaondoa vipande vya dukani, akapunguza mafuta, chumvi akaitia kwa ncha za vidole, na kilichobaki kilikuwa kama maji yaliyopitiwa na samaki. Ngone alikula kwa adabu. Daba alilia. Astou alijifunga kilemba akaenda kula kwa jirani, na akarudi akipiga mbweu makusudi.

Lakini swali lilikuwa limeshamwingia Codou, na swali likimwingia Codou halitoki. Chumvi ilikuwa inafanya kazi gani mdomoni, na nani mwingine anaweza kuifanya? Alianza kuonja vitu peke yake. Kitunguu kibichi, kisha kilichokaangwa kidogo, kisha kilichoachwa kwenye moto mdogo mpaka kikawa rangi ya asali: kile cha mwisho kilikuwa kitamu mpaka akaonja mara ya pili kuhakikisha. Nyanya iliyochomwa makaani ilikuwa na ukali mwingine kabisa na ile ya kopo. Majani ya choya aliyachemsha na kuyaponda yakawa uji mchachu, na akiuweka ulimini mate yalimjaa kama aliyetiwa chumvi, ingawa chumvi haikuwapo. Tangawizi iliamsha samaki. Ukwaju ulimlaza. Alimpigia nesi simu kuuliza kama choya ina dhambi yoyote kwa mgonjwa wa presha, nesi akamwambia hapana, na akamuuliza anapika saa ngapi ili apitie.

Sinia nalo likageuka. Wali ukapungua, mboga zikaongezeka: malenge, bamia, nyanya chungu, kabichi ambayo sasa haikuwa ukuta wa kitu. Siku mbili katika wiki hakupika wali kabisa, alipika mtama na kunde. Mkekani hapakuwekwa chumvi. Siku nyingine chakula kilikubali, siku nyingine kilikataa, na siku kilipokataa Astou hakukosa la kusema.

Walipokwenda tena zahanati Meissa alipanda ngazi bila kushika ukuta. Nesi aliminya, akasikiliza, akapima na mkono wa pili.

"Imeshuka. Haijafika tunapotaka, na vidonge usiviache, utaendelea navyo. Lakini imeshuka."

Codou aliuliza imeshuka kiasi gani, na kwa nini kuna namba mbili, na ya chini inapima nini. Walikaa mpaka wagonjwa wa nje wakaanza kugonga mlango.

Ijumaa, baada ya sala, Codou alitenga sinia. Safari hii alikuwa amejaza samaki kwa kitu kipya, akafunika mpaka watu wote wakakaa. Alipofunua, harufu ilimfanya Astou asogee mbele mkekani, kisha akakumbuka kwamba amenuna.

Walikula kidogo. Ngone ndiye aliyeanza. "Mama, hii ni ukwaju."

"Si ukwaju."

"Choya," Astou alisema, mdomo umejaa. "Nimeshakujua, mke wetu. Choya na ndimu."

"Ndimu imo. Choya haimo."

"Haradali," Ngone alisema.

"Pipi," Daba alisema.

"Hamjui kula," Codou aliwaambia. "Mnameza tu."

Meissa alikuwa bado anaonja. Alitafuna polepole, macho juu, kama anayesikiliza wimbo wa nyumba ya tatu. Kisha akainua mkono.

"Ngojeni. Nionje tena." Akautazama upande wake, akaona samaki ameisha. Basi akaegemea mbele, mbele ya mke na mtoto na mjukuu, akaunyoosha mkono wake mrefu wa fundi mpaka ng'ambo ya sinia, akachota samaki upande wa dada yake.

"We Meissa," Astou alisema. "Huo ni upande wangu."

"Najua," Meissa alisema, anatafuna. "Kuna tangawizi. Na kuna kitu kingine nyuma yake."